Wananisifu kwa Njaa Nisiyo Nayo

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule, nimefungua kitabu cha hesabu ili nionekane ninasoma, na naomba unisaidie upesi maana zimebaki wiki mbili tu na mimi hata kufikiri vizuri siwezi tena. Mimi ni dada mkuu katika shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, inayoendeshwa na masista, niko kidato cha sita, na kosa langu ni kwamba nimekula. Najua hapo utacheka, hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mwingine, lakini subiri nikueleze.

Mwaka huu tulipata Sista Mkuu mpya, mtu mwema, anatembea haraka mpaka shela yake inabaki nyuma, na wiki ya kwanza tu alituita viranja wote kumi na sita akatuambia kwamba katika shule hii kiongozi ni mtumishi, kwa hiyo sisi ndio tutakaopakua chakula, tutawahudumia wenzetu kuanzia kidato cha kwanza, na tutakula mwisho. Tulipiga makofi. Kupiga makofi ukiwa umeshiba ni rahisi sana, mshauri. Siku ya tatu maharage yaliisha kabla ya kutufikia sisi viranja, tukabaki tunakwangua ukoko wa wali, siku ya nne vivyo hivyo, na siku ya sita nikiwa nasoma somo la kwanza kwenye misa ya asubuhi herufi zikaanza kuogelea, nikaishikilia mimbari kwa mikono miwili, watu wakadhani nimeguswa na Neno.

Mpishi mkuu, ambaye shule nzima tunamwita Mama Mwiko, hakudhani nimeguswa na chochote. Kabla ya chakula cha mchana aliniita kwenye mlango wa nyuma wa jiko, akaniingiza stoo, nyuma ya magunia, akanipa bakuli la wali na maharage na kipande cha nyama kilichofunikwa na sahani, akasema, "Kula, mwanangu. Ukianguka mbele ya watoto, nani atawapakulia?" Nikala. Kesho yake nikarudi bila kuitwa, na hapo ndipo penye aibu yangu, kwa sababu siku ya kwanza niliitwa lakini siku nyingine zote nilijipeleka kwa miguu yangu, muhula mzima, dakika kumi kabla ya kengele.

Sasa kwa kuwa nilikuwa nimeshashiba, tulipofika kwenye ukoko nilikuwa nawaachia wenzangu, nasema, "Gawaneni tu, mimi nimezoea," wakaanza kuniita Mtakatifu, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Sista Mkuu akanisimamisha mstarini asubuhi akawaambia wanafunzi wote, "Mtazameni dada yenu, huyu ameelewa." Nikainamisha kichwa kwa aibu, wakadhani ni unyenyekevu. Kiranja wa afya, msichana mwembamba kuliko ufagio, akaanza kuniiga, naye akawa anagawa ukoko wake, na yeye hana bakuli popote.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Lakini wiki iliyopita Mama Mwiko hakuwepo mchana, alimsindikiza binti yake kliniki kujifungua, akaniachia bakuli langu palepale. Aliyefungua stoo siku hiyo ni kiranja wa chakula, ambaye ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza na yeye analala kitanda cha juu yangu. Alipokwenda bwaloni kupanga sahani mimi nikapenya, nikala haraka haraka, nikaacha bakuli, kijiko na mfupa. Jioni Sista Mkuu akaingia stoo kuangalia kama kuna panya, akavikuta. Ufunguo ulikuwa kwa rafiki yangu, basi akaitwa ofisini, akasema, "Sista, si mimi." Sista akamwambia, "Basi niambie ni nani." Atamtaja nani, wakati hajui? Amenyang'anywa ufunguo, na Siku ya Wazazi, baada ya hizo wiki mbili, atavuliwa beji mbele ya mama yake. Siku hiyohiyo mimi nimepangwa kuhutubia wazazi juu ya uongozi wa kutumikia. Hotuba nimeshaiandika, ina kurasa tatu.

Aliporudi bwenini alikaa kwenye kitanda changu akaniuliza, "Hivi wewe unadhani nani anaweza kunifanyia hivi?" Nikamjibu, "Labda paka." Akaniangalia akasema, "Paka mwenye kijiko?" Tukacheka wote wawili, kisha yeye akaanza kulia na mimi nikaenda kuoga.

Nilikwenda kuungama. Padri akaniambia, "Nenda ukarekebishe," na mimi nikasali rozari nzima nikiamini kwamba ndiko kurekebisha. Mama Mwiko nilimwambia yaliyotokea, akasema, "Kaa kimya, mwanangu, litapita." Ana miaka kumi na saba katika jiko hili, na sasa nyumbani kuna mjukuu. Nikisema, namfukuzisha kazi mtu aliyenionea huruma. Nisiposema, rafiki yangu anaitwa mwizi. Nifanye nini, mshauri? Au niumwe tu siku hiyo?

Ni mimi, dada mkuu aliyeshiba.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilikujibu kwa posta siku ileile niliyoipata, kwa sababu hizo wiki mbili zako zisingengoja zamu ya gazeti. Naichapisha sasa kwa ruhusa yako. Haya ndiyo niliyokuandikia.

Kwanza pole. Njaa si dhambi, na mtu aliyeshikilia mimbari ili asianguke anastahili bakuli la wali bila kuombwa maelezo. Siku ya kwanza ile sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu unaanza siku ya pili. Ulipotoka stoo tumbo likiwa limetulia, ulikuwa unajua jambo ambalo Sista Mkuu halijui: chakula hakiwafikii viranja. Wewe ndiye dada mkuu. Kazi yako ilikuwa kwenda ofisini na kusema, "Sista, tunakula mwisho kwa moyo mmoja, lakini mwisho hakuna kitu." Sentensi moja tu. Ungewalisha watu kumi na sita. Badala yake ulijilisha mmoja, ukawaachia kumi na tano ukoko, tena ukawagawia kwa uso wa huruma. Mtumishi ni yule anayesema sufuria limekauka. Kukaa mwisho wa foleni huku umeshiba hata mimi naweza, na magoti haya yangu.

Na lile la paka, hapana. Mwenzako alikuja kwako akiwa ameumizwa, wewe ukamtania. Hilo limenikera kuliko nyama yote uliyokula.

Sasa acha kulia unisikilize. Anza na Mama Mwiko, leo, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Usimwombe ruhusa ya kusema kweli, mwambie tu kwamba utaisema, ili asije akaisikia kwa watu. Akikasirika, vumilia. Ana haki ya kuogopa.

Kisha rafiki yako. Mwambie kabla ya Sista, ana kwa ana, na useme "ni mimi" kabla ya kusema "lakini". Ukiweza, hiyo "lakini" iache kabisa.

Halafu ofisini. Usibebe lawama za Mama Mwiko kana kwamba yeye hana mdomo, na usimtupie zako. Sema: siku ya kwanza aliniokoa, siku zilizobaki nilijipeleka. Hiyo ndiyo kweli, na ndiyo itakayomsaidia kuliko machozi yako. Ukimaliza, mwambie Sista kuhusu sufuria na kuhusu yule mtoto wa afya anayekuiga, maana huyo ataanguka na hakuna atakayeshangaa. Usijiuzulu kwa mbwembwe. Aliyekupa beji ndiye atakayeamua kama inabaki. Hotuba ya kurasa tatu ichane. Na kuumwa Siku ya Wazazi nakukataza.

ALICHOANDIKA BAADAYE

Mshauri, nilifanya. Mama Mwiko alinisikiliza akimenya viazi, akamaliza kile kilichokuwa mkononi, akavua aproni yake akaniambia, "Basi twende wote. Mimi ndiye niliyepakua." Nikamwomba anisubiri nimwone rafiki yangu kwanza. Nilimkuta anafua nyuma ya bweni. Nilipomwambia hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu muhula uanze. Akaendelea kufua shati lilelile, lilikuwa limeshatakata zamani.

Ofisini nilimweleza Sista Mkuu yote. Nilidhani ataanza na mimi. Akamgeukia Mama Mwiko akamuuliza, "Maharage yanawafikia viranja wangapi?" Mama Mwiko akasema, "Sista, hakuna hata mmoja, tangu mwanzo." Sista akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akajibu, "Hukuwahi kuingia jikoni mchana, Sista." Mchana huo akaingia. Alisimama nyuma yetu viranja, mwisho kabisa, na sahani yake mkononi, akapata ukoko. Aliula wote, pole pole. Kesho yake, juu ya masufuria mawili ya kila siku, kukawa na la tatu.

Kula mwisho bado tunakula mwisho. Mama Mwiko alipewa onyo na yuko kazini. Rafiki yangu aliombwa radhi mstarini mbele ya shule nzima, na Sista alifanya hivyo mwenyewe, akarudishiwa ufunguo. Mimi nimevuliwa beji, naosha masufuria na kidato cha kwanza mpaka muhula uishe, na jina la Mtakatifu limekufa kifo cha kawaida. Aliyehutubia wazazi ni kiranja wa afya. Alizungumza dakika mbili, akakaa, wakampigia makofi mengi.

Nimepona karibu kila mahali. Lakini zimepita siku tisa na rafiki yangu hajanisemesha. Analala juu yangu pale, namsikia anageuka. Nimemwandikia vikaratasi vinne na nimemtandikia kitanda mara mbili. Nifanye nini tena?

NENO LANGU LA MWISHO KWAKO

Acha vikaratasi. Acha kumtandikia kitanda, ana mikono. Unachotafuta ni akuondolee uzito haraka ili wewe upumue, na hilo si deni lake. Umesema kweli mbele ya watu waliokutisha, na kwa hilo nakusifu bila kupunguza. Ila kusema kweli hakukununulii urafiki siku hiyohiyo. Osha masufuria yako. Msalimie asubuhi, mara moja, kwa sauti ya kawaida, asipoitika endelea na safari yako.

Siku moja atakuja, na atakuja na maneno makali aliyoyaweka kwa wiki nzima. Usijitetee, usimkatize, wala usilie ili akuonee huruma wewe. Msogezee nafasi akae, na umsikilize mpaka amalize.