Almasi Zilizozaliwa na Gesi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na Mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya maabara inanitoa kamasi.

Uliuliza hii kazi ya kusaga mawe ina maana gani. Basi sikia: lile jiwe jeusi ulilonipa, la mlimani kwetu, lina almasi. Si zile za kawaida, zinazopikwa chini kabisa ardhini zikarushwa juu na mlipuko. Hizi, wakubwa wangu wanadhani, zilizaliwa na gesi ya volkano yenyewe, kwenye nyufa inakotokea. Hapa hatuzungumzi kingine. Nikipata nafasi nitakueleza zaidi.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo nimeusahau tangu nisome barua yako. Miaka yote navunja kokoto chini ya mlima, kumbe nimekalia utajiri.

Kaka yako ameacha kibarua cha kupakia mchanga. Tumepata ufa unaopumua bado, ukiingiza mkono unahisi joto. Umesema gesi ndiyo mzazi, basi tunaifuata gesi. Magoti yangu hayawezi ngazi, kwa hiyo anashuka yeye. Analalamika kichwa kinamuuma, nimemwambia aache kudeka. Mama yako nimemficha, nataka kumshtua kwa raha.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepiga simu kwa jirani, haipatikani, na sina subira ya salamu.

Msishuke tena. Gesi hiyo haionekani wala hainuki. Ni nzito, inajaa shimoni kama maji, na mtu hulala humo asiamke. Na almasi zenyewe ni vumbi, Baba, ndogo kuliko chembe ya unga, tunaziona kwa hadubini tu. Hilo ningeliandika mwanzo. Nilikuwa na furaha, nilitaka ujivunie. Mtoe kaka humo, tafadhali.

Binti yako

12 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika tumeshamzika kaka yako.

Koroboi yake ilizimika, nikadhani mafuta yameisha, nikamteremshia nyingine. Hakuipokea. Nilimvuta kwa kamba ya kiunoni, majirani wakanisaidia. Ufa tumeuziba kwa mawe.

Mama yako haongei nami, na ana haki. Anajua habari ya almasi niliiokota kwa wavunja kokoto wenzangu, ndivyo nilivyomwambia. Ukija, usimwambie vingine. Abaki na mtoto mmoja wa kumkumbatia.

Baba yako