Fomu Ishirini na Sita Zilizofagiliwa Ijumaa Mchana

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unijibu kabla ya tarehe ishirini na tatu, maana siku hiyo lori linakuja, na likishakuja ushauri wowote hautakuwa na kazi tena.

Mimi ni karani, nina miaka ishirini na mitatu, bado niko kwenye miezi ya majaribio katika ofisi ya pamoja inayosimamia makaburi ya sharika tano hapa Jutland Magharibi. Kompyuta zilizo mezani kwetu ni kama madirisha tu, kazi yenyewe tunaifanya ndani ya seva moja iliyo mji mwingine, watu ishirini na wawili tukiwa humo kwa wakati mmoja, na kabla sijaajiriwa kila mtu alikuwa anahifadhi mafaili yake popote mkono ulipoangukia, mmoja video ya harusi ya binti yake, mwingine picha elfu nne za mbwa, na mkuu wetu, Bi Jytte, michoro yote ya gari lake la kupigia kambi. Mwezi wa nne seva ilijaa pomoni asubuhi ya mazishi, hakuna aliyeweza kuingia, na gari la maiti lilisimama getini dakika arobaini kwa sababu hakuna aliyejua kaburi lilichimbwa safu ipi.

Basi nikapewa mimi kazi ya kurekebisha, kwa kuwa mimi ndiye mdogo na nimesomea mambo hayo kidogo. Niliificha diski ya seva watu wasiweze kuweka kitu humo, nikaelekeza nyaraka zao zote ziende kwenye kabrasha la idara linalonakiliwa kila siku, nikaacha sehemu moja tu ya kuwekea vitu vya muda, nikaiita Mpito, ambayo inafagiliwa yenyewe kila Ijumaa saa sita mchana na haina nakala ya akiba. Nilituma taarifa mara tatu. Nikabandika karatasi juu ya mashine ya kahawa. Walichonilipa ni jina, wananiita Askari wa Mafaili, na kila nikipita Vibeke wa mapokezi anasimama wima kama anapekuliwa na kusema, "Naapa sina kitu mfukoni, afande!" halafu wote wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu ndiyo desturi, asiyecheka anaonekana ana shida.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kila mwaka tunaziandikia familia ambazo muda wa makaburi yao umekwisha, tukiuliza kama wanataka yabaki. Anayejibu, kaburi linabaki. Asiyejibu, jiwe linang'olewa na mkandarasi, linapakiwa kwenye lori na kwenda kusagwa kokoto, na nyasi zinapandwa. Mwaka huu waliandikiwa sitini na moja. Fomu za majibu zinakuja kwa posta kwa Bi Jytte, naye anaziskani, kisha anaziingiza kwenye mashine ya kukatakata karatasi kwa sababu haturuhusiwi kuweka habari za watu kwenye karatasi. Mashine yetu ya kuskani ni ya zamani, inajua kutupa vitu sehemu moja tu, na sehemu hiyo ndiyo Mpito. Nililijua hilo. Nilimwomba Bi Jytte ruhusa ya kuibadilisha, akasema, "Baada ya likizo, mwanangu, usinivurugie sasa hivi."

Alhamisi ya wiki iliyopita nilipokuwa nakagua Mpito nikaona kabrasha limeandikwa JYTTE USIGUSE. Ndani mafaili ishirini na sita. Nikafungua moja. Ilikuwa fomu, mwandiko wa mama mzee unaotetemeka, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu ya risasi: "Mtoto wetu Aksel aliishi siku tisa. Nina miaka tisini na moja. Tafadhali msimwondoe kabla yangu."

Nilishika kipanya ninakili kabrasha lote. Haingechukua hata dakika. Lakini wakati huohuo kwenye meza ya kahawa nikamsikia Vibeke, "Askari, leo umemkamata nani?" na Bi Jytte akajibu kwa niaba yangu, "Mwacheni kijana, kila ofisi inahitaji mtu wa kufagia." Wakacheka. Uso ukaniwaka moto. Nikalifunga kabrasha nikajiambia, taarifa tatu nimetuma, ajifunze.

Ijumaa saa sita likafagiliwa.

Jumatatu Bi Jytte akaja mezani kwangu. "Kijana, mafaili yangu yako wapi?" Nikamwambia. Akauliza nakala ya akiba, nikamwambia Mpito haina, ndivyo tulivyokubaliana, ameweka sahihi. Akavuta kiti karibu kabisa na changu na kusema polepole, "Basi hakuna aliyejibu. Umenisikia? Orodha ya mkandarasi inabaki ileile, sitini na moja. Watu wenyewe wazee, hata hawakumbuki kama waliandika." Nikasema, "Lakini wameandika, mimi nimeiona moja." Akasema, "Ulipoiona ulifanya nini?" Yeye ndiye atakayeweka sahihi ya ajira yangu tarehe thelathini na moja.

Na sasa kuna keki. Ofisini kwetu, kama ofisi nyingi hapa, aliyekosea analeta keki, watu wanakula, na kosa limekwisha, hakuna wa kulitaja tena. Naipenda desturi hiyo, imewahi kuniokoa nilipopeleka maua ya mazishi kwenye ubatizo. Lakini safari hii wote wanapiga meza, "Keki! Keki! Keki!" na Vibeke anadai iwe brunsviger yenye sukari nyingi juu, na Bi Jytte anatabasamu, "Lete, mwanangu, tule, yaishe." Yaishe! Nikileta keki nimekubali kwamba kosa ni langu peke yangu na kwamba limekwisha, na lori linakuja. Nisipoleta, mimi ni mtu mgumu asiyejua kuishi na wenzake. Mtu pekee ambaye hacheki ni Villy, mchimba makaburi, ambaye mara ya mwisho alikuja kunywa kahawa akilalamika mgongo, "Mmenifungisha vibao sitini na kimoja kwenye mawe, sasa kila Bi Jytte akipiga simu naenda kukata kimoja, si mngeniachia kazi ya kuchimba tu?" naye sasa amefanyiwa upasuaji wa goti, yuko nyumbani, kwa hiyo watakaong'oa mawe ni watu wa mkandarasi, wasiojua chochote isipokuwa orodha.

Nimeipekua seva yote, kila pembe, hakuna kitu. Mshauri, nilituma taarifa tatu. Je, kosa ni langu? Na nilete keki au nisilete?

Karani Anayetetemeka

*

Karani wangu,

Umeniandikia kurasa mbili, na swali lako la mwisho ni keki. Mama wa miaka tisini na moja umempa mistari mitatu. Nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo kaa vizuri.

Nianze na mkuu wako, kwa sababu yeye ni mkubwa. Kupoteza mafaili ni bahati mbaya. Kuskani majibu ya watu kwa mkono wako mwenyewe, halafu kusema hakuna aliyejibu, ni uongo, na uongo huu unasagwa kuwa kokoto. Ati wazee hawakumbuki! Aliyeandika "msimwondoe kabla yangu" amekumbuka miaka yote hii. Bi Jytte ndiye amesahau, na amesahau kwa makusudi.

Sasa wewe. Utaratibu wako ulikuwa mzuri, na waliokucheka wanastahili seva ijae tena siku ya mazishi ya shangazi zao. Lakini uliweka ufagio mahali ambapo ulijua mashine inamwaga karatasi za watu, kisha ukasubiri ruhusa. Ufagio huo ungeweza kuuzuia wewe mwenyewe mpaka ruhusa ije. Na Alhamisi ile hukuwa karani tena. Ulikuwa mtu aliyeudhiwa, mwenye kipanya mkononi, na ulimwadhibu Bi Jytte kwa kutumia kaburi la mtoto. Umelificha jambo hilo katikati ya barua ukitumaini nitalipita haraka. Sikulipita. Hata hivyo umeliandika, na mwongo asingeliandika, ndiyo maana naendelea kukujibu.

Unasema umeipekua seva yote. Je, umekwenda makaburini? Barua yako yenyewe ina jibu na wewe umelitumia kama kichekesho. Villy alifunga vibao sitini na kimoja. Kila jibu lilipofika Bi Jytte alimpigia simu, naye akaenda kukata kimoja. Basi nakala yako ya akiba ipo, iko nje kwenye mvua, na haijafagiliwa na mtu. Jiwe lisilo na kibao ni la mtu aliyejibu.

Chapisha orodha, chukua kalamu ya risasi, vaa koti, nenda leo. Usingoje Jumatatu. Anza na Aksel, maana jina lake unalo na hata hilo hukwenda kulitafuta. Pita kila jiwe. Upepo wa huko kwenu unaweza kuwa umechukua kibao kimoja au viwili, sawa, kila jiwe lisilo na kibao libaki, afadhali mawe matano ya ziada yabaki kuliko kung'oa moja la mtu aliyeomba. Mpigie Villy simu njiani. Amepasuliwa goti, kichwa chake hakijaguswa, atakuambia ni vingapi amekata na kama kuna simu aliyopigiwa akiwa tayari hospitalini. Palipobaki shaka, familia ziulizwe upya.

Kisha mwandikie mwenyekiti wa baraza la usharika barua ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iwe kosa lako, pamoja na ile Alhamisi, bila kujipamba. Aya ya pili iwe fomu ishirini na sita na maneno ya Bi Jytte kama alivyoyasema. Aya ya tatu iombe lori lisimamishwe. Majina yaliyo kwenye mawe uliyoyakuta hayana kibao yafuate nyuma. Kabla ya kuituma, mpe Bi Jytte nakala mkononi na umwambie, "Bi Jytte, naipeleka saa nane. Ukitaka twende pamoja, nakungoja." Huenda akaja. Watu waoga mara nyingi wanangoja tu mtu wa kutangulia mlangoni, na nadhani unalijua hilo kuliko mimi.

Unaweza kukosa ajira hiyo, sitakudanganya. Piga simu chama chako cha wafanyakazi asubuhi kabla ya kuipeleka barua, uwaambie yote, wao ndio wanaojua mtu wa majaribio analindwa wapi na wapi halindwi. Na simamisha ufagio wa Ijumaa, hata kabla hujavua koti, mpaka mashine ile ya kuskani imwage mahali panaponakiliwa. Hilo uliweza kulifanya tangu mwanzo.

Kuhusu keki: hapana. Sasa hivi hapana. Wakipiga meza, waambie, "Keki ipo, naioka siku mawe yatakapokuwa salama, na Bi Jytte ataleta ya kwake." Wasipocheka, wasicheke. Desturi yenu ni nzuri kwa maua yaliyokwenda ubatizoni. Haikuwekwa ili watu wale sukari juu ya makaburi ya wengine.

Gazeti hili linatoka Jumamosi tarehe kumi na nne. Lori ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Hesabu mwenyewe: una siku tisa, sawasawa na alizopewa Aksel. Mama yake bado anazikumbuka. Toka nje.