Mkono wa Baba Uliopotea Kwenye Diski

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Uliniambia hospitali ya Litembo walikupa dawa ya kuchua; basi chua kweli, usiifungie kabatini kama ile ya mwaka jana. Kahawa imeanza kuiva? Mimi ni mzima. Mafua yalinishika kidogo, yamekwisha. Kazi ipo, watu bado wanatuletea kanda zao za zamani za harusi na ubatizo tuzihamishie kwenye diski kabla ukungu haujazimaliza.

Sasa lile jambo letu. Skola alinipigia kutoka Mbamba Bay baada ya ninyi wawili kutazama diski ya harusi yake. Akasema, "Kaka, nimeangalia mpaka macho yameuma. Baba amesimama tu barazani. Hakunibariki, na sasa hayupo tena nimuulize. Mama ananifariji tu." Kesho yake ukapiga wewe, umekasirika: "Benno, baba yako aliinua mkono akambariki mtoto. Nilikuwa ubavuni pake. Mashine yenu imeula ule mkono."

Nilicheka, Mama, nisamehe. Halafu nikaacha kucheka, maana katika kazi yetu jambo hilo linawezekana kabisa.

Video ni picha nyingi zinazopita upesi. Zikiwekwa zote nzima nzima, diski itajaa kabla padri hajafika altareni. Kwa hiyo kompyuta inazibana. Inaweka picha moja nzima, na kwa zile zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta haujasogea? Inasema ukuta ni ule ule, inaendelea. Baada ya muda mfupi inaweka tena nzima, inaanza upya. Kila picha inaikata vimraba vidogo, na ndani ya kila kimraba inatupa vile vitu inavyodhani jicho halitavikumbuka.

Tatizo ni nafasi. Unajua Baba mdogo alivyoshikilia kila kitu kiingie kwenye diski moja, misa yote na kila aliyetoa zawadi, asije mtu wa kijiji cha Ukata akalalamika kwamba tumemkata yeye na beseni lake. Nikatii. Lakini diski haitanuki. Video ikiwa ndefu, kila picha inapata kidogo. Na pale mwishoni, uani, ndugu wa bwana harusi walikuwa wanacheza ngoma yao ya mganda, nguo nyeupe, miguu haitulii. Kwao kila kitu kinabadilika, basi wakaila karibu nafasi yote, wageni wetu hao. Baba alikuwa kwenye giza la baraza na lile koti lake jeusi, anasogea taratibu. Kompyuta ikaona badiliko dogo gizani, ikalihesabu si kitu. Hata kwenye zile picha nzima, giza lilikuwa limesagwa likawa rangi moja. Mkono ukapotelea humo.

Jumamosi nikairudisha kanda yenyewe kwenye deki, nikaitazama bila kuibana. Mkono upo, Mama. Skola ameketi kwenye pikapu, shela usoni, anatazama mbele, asingeweza kuuona. Baba anauinua, anachora ishara ya msalaba polepole, kisha anauacha pale pale juu. Huyo ndiye aliyekuwa akiipinga ndoa ya ziwani, akiuliza binti yake atakula dagaa mpaka lini. Nililia, na wateja walikuwepo.

Nimetengeneza upya diski mbili. Ya kwanza ina misa na zawadi. Mwambie Baba mdogo mabeseni yote yamo. Ya pili ina uani peke yake, na nimeipa nafasi ya kutosha. Zinakuja kwa basi, utazipokea stendi ya Mbinga. Hiyo ya pili mpelekee Skola mwenyewe, mkae pamoja, na umwambie asiangalie mganda. Aangalie barazani, upande wa kulia.

Nisalimie shangazi hapo nyumbani, na mjomba wa Kitai ukipita dukani kwake. Shemeji mwambie ndugu zake wanacheza vizuri, ila wanamaliza nafasi.

Najua Skola atauliza Baba aliushusha mkono saa ngapi. Mwambie sijui. Mpiga picha aligeuza kamera kulifuata gari, na mkono ulikuwa bado juu.

Mwanao,
Benno