Leo Nani Hakucheza?

Mjomba wangu mpendwa,

Huku Ruangwa hatujambo, isipokuwa ile spika ya kushoto, ambayo bado inakoroma kama ulivyoiacha. Vijana wetu wa kazi wananihimiza niibadilishe. Nimewaambia wasubiri, maana kuna siku nikiisikia nageuka nyuma nikidhani umefika.

Nakuandikia kukushukuru. Ulipokuwa hai, kila nilipojaribu ulinikatisha: "Shukrani baadaye, kunja nyaya kwanza." Sasa nyaya zote zimekunjwa, huna pa kukimbilia.

Unaikumbuka Nandagala? Mimi ndio kwanza nimemaliza shule, na wewe ulikuwa umenunua spika kubwa zilizokufanya utembee kama bwana harusi. Tuliitwa huko kwenye sherehe ya kumtoa mwali. Ukafungulia muziki mnene mpaka mabati yakatetemeka, na ngoma za kina mama hazikusikika hata kidogo. Wao hawakugomba. Walibeba ngoma zao, wakazunguka nyuma ya nyumba, na watu wakawafuata mmoja mmoja, hadi mwenye sherehe mwenyewe. Uwanjani tukabaki wewe, mimi, jenereta na mbuzi.

Mwingine wa kazi hii angeongeza sauti. Wewe ulizima muziki, ukaunganisha kila waya tuliokuwa nao, ukauburuta mpaka nyuma ya nyumba na kuchutama mbele ya Bibi Somoe, mpiga ngoma mkuu.

"Bibi, nimekosea. Naomba hii maiki ikae karibu na ngoma yako."

Alikutazama weee. "Haitanipiga shoti?"

"Itaanza na mimi, Bibi."

Siku ile ngoma ilisikika mpaka barabarani, na wapita njia wakaegesha pikipiki zao kuja kucheza. Kazi yetu ilizaliwa pale: ngoma za kina mama zikipokezana na singeli za vijana, uwanja mmoja, spika zilezile. Wengine walipotuiga mimi nilinuna. Wewe ulicheka tu, ukasema tutafute kingine.

Watu wakiniuliza biashara ya burudani nilisomea wapi, nawajibu nyuma ya kirikuu, kile kigari chako cha mizigo. Kila tulipomaliza kupakia vyombo vya muziki ulituuliza, "Leo nani hakucheza?" Mwanzoni nilidhani ni utani, kumbe ulitaka jibu. Tukisema wazee, safari inayofuata viti vyao vilikaa mbele. Tukisema watoto, uliwatengea mchana wao kabla ya wakubwa. Ubunifu wako wote ulitoka kwenye swali hilo. Na kijana akikosea jukwaani hukumgombeza kwenye maiki, ulimsubiri mpaka mbaki wawili. Nakushukuru zaidi kwa siku uliponipa maiki niongoze sherehe, mteja akauliza kama hakuna mwanamume. "Yupo," ukamjibu, "anabeba spika."

Ulipotutoka, mama aliacha kuimba. Unamjua dada yako, hata kutwanga kwake kulikuwa na wimbo. Nyumba ikawa kimya. Juzi juzi akaniambia, "Hivyo vyombo viuze, mwanangu. Kila vikilia namsikia yeye." Sikubishana naye. Nyumbani kwetu neno lake ndilo la mwisho, hata wewe ulilifuata. Nilimwomba kitu kimoja tu, tumalize kazi ya Chiola tuliyokwisha kuahidi, kisha niviuze. Usiku wake sikulala vizuri, Mjomba. Niliona kama nakuzika mara ya pili.

Chiola tulienda wote, kwa kuwa sherehe ilikuwa ya ndugu zetu. Mama akaingia jikoni kusaidia kupika, nami nikafunga vyombo uwanjani. Nilikuwa na maiki mpya isiyo na waya. Bibi Somoe, ambaye siku hizi tunazunguka naye kwenye kazi, akaishika akaigeuza.

"Mkia wake uko wapi?"

"Haina, Bibi. Inafika popote."

"Popote? Basi mjomba wako angeshaipeleka kwa wapishi."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Miaka yote ile ya kuulizana nani hakucheza, wala wewe wala mimi hatukuwahi kuwataja wapishi. Nikaenda jikoni, nikaiweka maiki juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya moshi na masufuria. Kina mama wakacheka, wakasikia kicheko chao kinarudi kutoka uwanjani, wakanyamaza. Kisha mmoja akaanzisha wimbo wa kazi, wengine wakaitikia.

Nilikuwa nimesharudi kwenye vyombo niliposikia sauti niliyoijua kabla ya kushika maneno yake. Mama alikuwa anaimba. Spika ya kushoto ikakoroma pamoja naye, na uwanja mzima ukageukia jikoni. Nililia, Mjomba, huku nikibonyeza vitufe visivyohitaji kubonyezwa.

Wakati wa kupakia sikuwa na nguvu ya kuuliza swali lako. Mama akaja anafuta mikono kwenye kanga, akashika spika ya kushoto upande mmoja ili tuinyanyue.

"Haya, mwenye vyombo," akasema. "Leo nani hakucheza?"

"Mjomba tu," nikamjibu.

Akatazama pembeni kidogo. "Basi pakia vizuri. Kesho kutwa mnatakiwa Narung'ombe, nimeshawakubalia."

Asante, Mjomba. Pumzika, nyaya nitakunja mimi.

Mpwa wako, mwenye vyombo