Kilo za Mama Sekela

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu hadi saa nne. Kipima mvua: milimita tatu. Chai, kiporo cha ndizi, kisha simu. Daktari Lusajo wa chuoni ametuma makala yetu ya mbegu za viazi, tayari kurudishwa kwa jarida. Mwisho Ijumaa ya tarehe 20. Wapitiaji walilalamika kwamba Kiingereza chetu kimepinda. Anasema amekipitisha kwenye akili mnemba, sasa kimenyooka kama rula.

Kweli kimenyooka. Nimekisoma kwa sauti jikoni, peke yangu, kwa madaha. Mimi, niliyechuma chai miaka sita kujilipia ada ya diploma ya kilimo. Nina miaka 52 na hii ni makala yangu ya kwanza.

Jina langu bado la pili. Magunia nilipima mimi. Haya.

Jumanne, 10 Juni
Jedwali la pili limeharibika.

Daftari langu, mashamba tisa ya Isongole, kila shamba nusu kwa nusu: mbegu safi magunia 38, kilo 5,282. Mbegu ya zamani magunia 36, kilo 3,630. Jedwali jipya: 3,800 na 3,600. Nikajua papo hapo. Mashine imeona gunia, ikaamua kila gunia ni kilo mia. Nani kaiambia? Isongole viazi vikubwa vinakwenda lumbesa, gunia linajazwa mpaka linapita mdomo wake na kufungwa kwa kamba juu. Vidogo ndivyo vinavyoingia gunia la kawaida. Mbegu safi ilitoa vikubwa. Ndiyo hoja yetu yote! Imefutwa kwa adabu, kwa Kiingereza kizuri.

Na rejea ya 14 haipo. Nimetafuta jarida, mwaka, ukurasa. Hakuna kitu kama hicho duniani.

Nimempigia Lusajo. Nimemwambia maneno. Kaniita "mama yangu" mara saba ndipo akakiri. Aliiambia mashine inyooshe lugha na iweke majedwali vizuri. Hakuyasoma tena.

Jumatano, 11 Juni
Hasira ipo, kazi ipo. Tumegawana. Yeye anarudisha majedwali ya mwanzo na kutafuta rejea zote 31, moja moja. Mimi nahakiki kila namba kwa daftari, penseli nyekundu mkononi. Nilikuwa natabasamu. Kumkamata daktari kuna raha yake, nisijidanganye.

Saa tisa alasiri raha ikaisha. Ukurasa wa Mama Sekela, mmoja wa wakulima wetu tisa. Magunia manne ya mbegu safi: 140, 140, 140, 140.

Hakuna magunia manne duniani yenye uzito mmoja. Nikakumbuka. Ndoano ya mizani ilikatika siku ile, mvua inapiga, bodaboda ananipigia honi niondoke. Nilikadiria kwa jicho. Sikuandika popote kwamba nimekadiria.

Aibu.

Ijumaa, 13 Juni
Jana sikuandika. Sikumwambia mtu pia. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini nimemfokea Lusajo juma hili kwa kosa ambalo nimelifanya mwenyewe, na mimi sina hata mashine ya kusingizia.

Nimetoa shamba la Mama Sekela zima, pande zote mbili. Yamebaki manane. 4,722 kwa 3,225. Mbegu safi bado inazidi kwa karibu nusu! Nimepiga meza mpaka kikombe kikaruka.

Nimempigia Lusajo, nimemweleza kosa langu. Nikasubiri anirudishie maneno ya Jumanne. Akasema tu, "Mama, basi tuko droo."

Mtoto ana malezi yule.

Jumamosi, 14 Juni
Isongole kwa bodaboda, baridi hadi kwenye meno. Kumwambia Mama Sekela kwamba viazi vyake havimo. Nilikuwa naogopa. Ameshaitangazia kwaya nzima kwamba anaandikwa na chuo.

"Yaani Bibi Shamba, mimi natolewa? Na mama mkwe wangu nimeshamringia!"

Nikamweleza yote, jinsi mashine ilivyokadiria magunia ya watu, jinsi nami nilivyokadiria ya kwake. Akauliza:

"Sasa tofauti yenu nini? Labda kwamba wewe ulikunywa chai yangu."

Wakacheka wote pale nyumbani, hadi mama mkwe aliyekaa jikoni. Nami nikacheka mpaka machozi. Nimerudi na nusu debe la viazi. Amesema ni faini, nivimenye na kuviosha mwenyewe. Ndaga fijo, asante sana, Mama Sekela.

Jumatano, 18 Juni
Tumetuma, siku mbili kabla. Tumeandika tamko bila kuficha: akili mnemba ilinyoosha lugha tu, majedwali yametoka kwenye daftari, kila rejea imefunguliwa na mtu na kusomwa, makosa yakibaki ni yetu sisi wawili. Shamba moja limetolewa kwa sababu halikupimwa, lilikadiriwa. Picha za kurasa zote za daftari nimeambatisha, na tope lake.

Kwenye shukrani, Mama Sekela yupo. Jina kamili.

Nimefungua ukurasa wa kwanza kuangalia kama kuna kosa. Jina langu ni la kwanza. Lusajo hakuniambia. Nimefunga, nimefungua tena. La kwanza.

Alhamisi, 17 Julai
IMEKUBALIWA.

Mhariri anasema mpitiaji mmoja alikuwa na wasiwasi na namba zetu, zile picha za daftari zikamtuliza. Tope la Isongole limefanya kazi! Lusajo amepiga simu akipiga kelele "Bibi Shamba oyee" kama yuko kwenye mkutano wa kampeni. Nimenunua soda kwa ofisi nzima. Kwa jirani zangu wa Bulyaga nimetangaza mlango kwa mlango. Kiburi? Ndiyo. Leo ninacho.

Jumanne, 22 Julai
Isongole. Jua kidogo. Mama Sekela anavuna. Nimempelekea ukurasa wa shukrani. Amepitisha kidole kwenye jina lake, akaukunja, akauweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nina ndoano mpya. Gunia la kwanza likaletwa. Akalitazama, akasema mia arobaini, huna haja ya kupima.

Nikalining'iniza. 131.

Amesema mizani ina wivu.

Nimeandika 131.