Watoto Walioachwa Hai

Mabela, Ijumaa, Septemba 2007

Nimeyasema yote! Wiki nzima Ndugu Dale, Mmarekani anayetuongoza sisi Wamormoni wa huku ugenini katika ibada ya Ijumaa sebuleni kwake, ameniganda: katika somo la leo nifundishe tu ushujaa wa Wamormoni wa kwanza, mikokoteni yao jangwani, basi.

Nikakataa. Nikaeleza pia jinsi baadhi yao, miaka mia na hamsini iliyopita, walivyowaahidi usalama wasafiri waliopita kwao, wakawapokonya bunduki, wakawaua, na lawama wakawatupia wenyeji wa asili wa huko Marekani. Waliacha hai watoto wadogo tu, kwa kudhani hawangeweza kusimulia.

Nikajua nimekwisha.

Ndugu Dale akasimama, macho mekundu. “Dada Achieng, mmoja wa wauaji wale alikuwa babu wa babu yangu.” Miaka yote hii hakuwahi kulitaja!

Binti yake mdogo akaniuliza, “Wale watoto walikua?”

“Walikua, mama,” nikamjibu. “Na wakasimulia.”