Salamu Zilizobaki Kwenye Foleni

Kaka Deo,

Ninakuandikia nikiwa chumbani kwako, kwenye mashine yako ile ile. Kiti na kibodi tu ndivyo vipya. Vile vyako walivichoma. Nitafika huko, ila nisianze na hilo, maana nikianza nalo nitatukana, na wewe hukupenda nitukane ofisini.

Mama yako hajambo. Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kanoni kumwona. Shambani anakwenda, kula anakula kidogo, kuongea haongei mengi. Aliniuliza tena kama ni kweli ulikuwa ukinifundisha kazi hata ukiwa mgonjwa kitandani. Nikamwambia ni kweli, ulinitajia amri za printa mpaka ulimi ulipokuwa mzito. Akacheka kidogo, halafu akalia.

Nakumbuka siku nilipoanza kazi hapa Bugene, katika hii ofisi ya shirika la wakimbizi. Nilitoka Nyakakika nikijua taipureta tu, nikawa naipiga kibodi kwa nguvu zote. Ukasema, "Mdogo wangu, hapa hatukamui ndizi za pombe. Gusa tu, inasikia." Siku hizo ulikuwa mtu wa kuzunguka. Printa ikikwama kwa bosi unakwenda, ikikwama kwa Mama Mhasibu unakwenda, unarudi na wino vidoleni na stori za huko.

Kisha ukaanza kukonda, madoa yakatoka shingoni, na kila mtu akajua bila kuambiwa. Wilaya hii yote ilikwisha kujifunza kuutambua ugonjwa huo kwa macho. Mama Mhasibu akawa wa kwanza kusema karatasi ulizoshika wewe zisifike mezani kwake. Bosi naye akakuita, akakuambia kwa upole, ule upole wake unaokera, kwamba ukae chumbani kwako na usiingie tena vyumba vya wenzako. Hukubisha. Mimi nilichemka siku nzima kwa niaba yako.

Basi ukaketi hapa na kile kitabu kinene kilichokuja na mashine, ukasoma hadi ukajua kuziendesha printa zote kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Waya za kompyuta na printa zote ziliishia kwako. Ukaweza kuisimamisha foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa kwa bosi, kuiondoa kazi iliyokwama kwa Mama Mhasibu, kuhamisha barua ya printa hii iende kutokea kwenye ile, na hujainuka kitini. Mimi nilikuwa miguu yako, natia karatasi na kubadilisha utepe wa wino. Na kwa kuwa kila printa ilitaka jina lake la kuitwa katika amri, ulizipa majina ya ng'ombe watatu ambao marehemu baba yako alivuka nao Mto Kagera akiwa kijana: Bihogo, yetu humu, Gaju ya kwa bosi, Mayenje ya kwa Mama Mhasibu. Bosi mpaka leo hajui kwamba printa yake ni ng'ombe.

Watu wakaanza kusifu kwamba siku hizi printa hazisumbui. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni salamu. Ulikatazwa kusimama mlangoni kwa mtu kumwamkia, ukaona usikae bila kusalimu. Ukaiandika salamu yako miongoni mwa zile amri zinazojiendesha mashine inapowaka. Mlinzi akiwasha jenereta asubuhi, mashine yako inaamka yenyewe, na kila printa inatoa mstari mmoja: "Habari za asubuhi. Deo nimeamka salama. Ninyi je?" Nikienda kutia karatasi naikuta imekunjwa, imetupwa kapuni. Kwa bosi hivyo, kwa Mama Mhasibu hivyo. Mtu mzima anawaamkia watu wazima, nao wanaitupa salamu yake. Uliniuliza mara moja tu, "Wameitikia?" Nikainama kuokota utepe, na hukuuliza tena.

Hata ulipobaki kitandani nyumbani salamu ziliendelea kutoka. Niliziacha. Nikiisikia Bihogo ikikwaruza asubuhi, nilijifanya kwamba umeketi nyuma yangu.

Siku ilipofika habari ya kufa kwako niliomba ofisi ifungwe walau mpaka uzikwe. Bosi akasema, "Tutamwombea, lakini kazi iendelee." Kwetu mtu akifa jembe haliingii shambani. Ni kweli misiba imezidi na siku za matanga zimepunguzwa, watu wasije wakafa njaa, lakini hakuna anayethubutu kulima shamba wakati maiti bado iko ndani. Nikachapa kwanza karatasi zote za mgao wa kambini, maana wenye njaa hawakukukosea. Halafu nikaketi kwenye kiti chako, nikaandika amri ya kusimamisha. Nikamtaja Bihogo, nikamtaja Gaju, nikamtaja Mayenje. Zikatulia. Nikavaa kanga yangu nikaenda kukuzika.

Tulikuzika mvua inanyesha. Majirani zako walikuja wote, na majembe yao siku hiyo yalichimba kaburi tu. Kutoka ofisini alikuja dereva peke yake, naye alibaki barabarani ndani ya gari, vioo amefunga.

Matanga yalipoanuliwa nikarudi kazini. Nyuma ya stoo moshi ulikuwa bado unafuka. Kiti chako, kikombe chako, kibodi yako, walivichoma asubuhi ile ile. Kibodi ilikuwa imeyeyuka, herufi hazisomeki. Nililia pale, Deo, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira.

Bosi alinifuata, akasimama mbali kidogo. Akasema printa zote zimegoma, makao makuu wanasubiri ripoti, nizifungue. Nikamwambia zinafunguliwa kwa kuandika amri kwenye mashine ya Deo, na kibodi ya Deo ndiyo hiyo mmeichoma. Akaitazama. Nikamwambia basi nipe ya kwako. Aliileta mwenyewe, akaiweka chini kizingitini, akarudi nyuma. Nikaichomeka, nikapiga magoti kwa kuwa hapakuwa na kiti, nikawaita ng'ombe wako mmoja mmoja.

Nilikuwa nimezisahau salamu. Siku zote za matanga mlinzi aliwasha jenereta, mashine yako ikaamka, ikasalimu, na salamu zikakaa kwenye foleni pamoja na kazi za watu. Sasa zikatoka. Bihogo ilianza mbele ya uso wangu: "Habari za asubuhi. Deo nimeamka salama. Ninyi je?" Nikaisikia Gaju kwa bosi. Nikaisikia Mayenje, na baada yake yowe la Mama Mhasibu, aliyetoka mbio na kiatu kimoja. Ripoti ya makao makuu ilitoka katikati ya salamu zako mbili. Ungekuwepo tungecheka mpaka machozi. Peke yangu sikuweza.

Bosi akaja mlangoni, akasema amri hiyo ifutwe leo hii, ama niende nyumbani kwetu moja kwa moja. Na unajua nyumbani kuna watoto wa marehemu dada, na wanachokula kinatoka hapa.

Sasa mimi ndiye wanayemwachia karatasi kizingitini. Nilikushika mkono, nililala msibani kwako, nakaa ulipokaa. Wameshanihesabu kuwa mgonjwa. Nimetengewa hata kikombe. Watu wa nyumbani sijawaambia.

Lakini sikuifuta, kaka. Nimeiondoa kwa Gaju, nimeiondoa kwa Mayenje. Kwao asubuhi ni kimya, nao wanadhani nimetii. Nimeiacha kwa Bihogo peke yake, humu chumbani. Sitaki uendelee kuwaamkia watu wasioitikia. Wanasema wakimbizi watarudi kwao na ofisi itafungwa. Siku hiyo nitaichana salamu ya mwisho kutoka kwenye Bihogo, niipeleke Kanoni kwa mama yako. Hiyo ni ahadi yangu. Na mpaka siku hiyo sitagusa kazi ya mtu kabla sijakuitikia, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wasikie.

Pumzika, kaka yangu. Leo asubuhi Bihogo imeuliza kama kawaida, "Ninyi je?" Nimeitikia. Nimeamka, kaka. Nimeamka peke yangu.